Kocha, Usimrudishe Baba Ndani

Sikutaka kuandika. Mtu aliyestaafu anatakiwa atulie, acheze na wajukuu na kulalamikia theluji. Lakini Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye sherehe ya shukrani ya mtoto wa rafiki yangu, kwenye ukumbi mmoja kule Oakdale, hapa Minnesota, na kijana mmoja akaniharibia pilau. Ndiyo maana naandika, na naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo ninyi vijana mnaoitaka kazi hii mtanivumilia.

Kijana mwenyewe anaitwa Elisante. Ni mtoto wetu. Baba yake nilisoma naye chuo hapa hapa Saint Paul, na yeye sasa ni kocha msaidizi wa mpira wa kikapu kwenye chuo ambacho sitakitaja. Anafanya kazi ile ile iliyonilisha mimi maisha yangu yote ya ukubwani: kuzunguka majimu ya shule za sekondari kutazama watoto wakicheza, kisha kwenda majumbani kwao kuwaomba wazazi wawalete chuoni kwako. Siku ile alikuwa amezungukwa na wenzake, sahani mkononi, anawapa darasa.

"Wazazi wetu Waafrika ndio wepesi kuliko wote," anasema. "Mmarekani atakuhoji kama polisi. Mwafrika unavua viatu, unakula, unasifia chapati, anasema ndiyo. Umemaliza kazi."

Wenzake wakacheka. Mimi nikaweka kijiko chini.

"Elisante," nikamwita, "mara ya mwisho ulikwenda kwa nani?"

Akataja familia moja ya Apple Valley, Watanzania wenzetu, wana kijana mrefu anayeruka vizuri. "Wameshakubali, Shangazi. Mpaka mama kanifungia chakula."

"Na nani alikusindikiza?"

"Baba alitaka kutoka, nikamwambia arudi ndani. Baridi ilikuwa ya kuua na mzee wa watu ana kandambili."

Sikumjibu pale pale. Kuna maneno ukiyasema kwenye shughuli ya watu unakuwa umewaharibia shughuli yao. Nikachukua kijiko changu, nikaendelea kula, ingawa ladha ilikuwa imeshaondoka. Tulivyoachana na Elisante nitawaambia mwisho. Kwanza niwaambie kwa nini kandambili za yule baba zilinitoa hamu ya chakula.

Mimi ni Zuhura, na wachezaji wangu wote, wazungu kwa weusi, waliniita Kocha Zuhura mpaka siku niliyorudisha funguo. Mpira nilijifunza Tabora, kwenye uwanja wa saruji ambao ukianguka unaacha ngozi. Nilipofika Minnesota kusoma nikakuta watu wanacheza juu ya mbao zinazong'aa, ndani ya nyumba yenye joto, nje kuna theluji mpaka magotini. Nilidhani nimekufa nimekwenda peponi. Nilicheza kidogo. Ukweli usemwe, mimi ni mfupi na si mwepesi, lakini nilikuwa na mdomo, na mpira wa kikapu unahitaji mdomo kuliko watu wanavyojua. Walionifundisha wakaona afadhali huyu asimame pembeni apige kelele kwa mshahara.

Kiingereza changu kilikuwa kinanikimbia nikikasirika, kwa hiyo timu yangu ilijifunza Kiswahili kwa lazima. Nikisema "Rudi!" wasichana wote walikuwa wanakimbia kwenda kulinda goli letu. Nikisema "Banana!" wawili walikuwa wanambana mwenye mpira kwenye kona. Timu za wenzetu zilitafuta ndizi zimetoka wapi hazikupata jibu. Mpaka leo kuna mama wa watu huko Burnsville, Mmarekani mwenye nywele za njano, anawaita watoto wake kutoka uani kwa kusema "Rudi!" na wanarudi.

Kutazama watoto nilifundishwa na mzee mmoja aliyeitwa Harold, kocha mstaafu aliyekuwa anakuja jimu na kiti chake cha kukunja kwa sababu hakuyaamini mabenchi. Yeye ndiye aliyeniambia, "Zuhura, mtoto akiwa na mpira usimtazame, kila mtu anamtazama. Mtazame akitolewa." Nami nikaanza kutazama. Mtoto akitolewa mchezoni anakaa wapi? Anampa mkono aliyeingia badala yake, au anaficha uso kwenye taulo? Anamsikiliza kocha au anamtafuta baba yake kwenye watazamaji? Kuruka unaweza kumfundisha mtu. Hayo mengine ameshafundishwa nyumbani au hakufundishwa.

Akaniambia pia nikae nyuma ya wazazi, nisikae kando yao. Ukikaa kando wanakuona, wanakuwa watakatifu. Ukikaa nyuma utasikia. Siku moja nilikaa nyuma ya mama mmoja nikamsifia binti yake kipindi kizima, mikono yake, miguu yake, akili yake, nikitaka anisikie. Mwisho mama akageuka akaniambia kwa upole, "Asante, lakini huyo si wangu. Wangu ni yule amekaa benchi." Nilitamani kuingia chini ya kiti. Lakini yule aliyekaa benchi nilimtazama, na ndiye niliyemchukua.

Siku hizi mambo ni mengine, na hapa hasira inanipanda tena. Kocha anamtazama mtoto kwenye simu, vipande vya dakika moja, mtoto anafunga tu, hakosi hata mara moja, kama hajawahi kunyang'anywa mpira tangu azaliwe. Kuna ule mfumo wa wachezaji kuhama vyuo, wanauita potali. Kila msimu ukiisha watoto wanamiminika humo, wengine kwa hiari, wengine wamesukumwa huku wakitabasamiwa. Sisemi zamani tulikuwa malaika. Nasema zamani ukitaka kumwacha mtoto ilibidi umtazame usoni.

Sasa kwenda majumbani. Hili ndilo Elisante anaona amelijua.

Kwetu mgeni hakataliwi akiwa amekaa kwenye kiti chako anatafuna chakula chako. Huo si uongo, ni adabu. Hata posa haijibiwi siku ile ile. Watu watakula, watacheka, wataambiwa "tumewasikia, karibuni tena," na anayeondoka akitangaza kwamba kapewa mke atachekwa na ukoo mzima. Ndani ya nyumba utaambiwa ndiyo, tumefurahi, Mungu akipenda. Neno lenyewe linasemwa nje, wakati wa kusindikizwa. Mkishavuka mlango wewe si mgeni tena, ni mtu anayeondoka, na mwenyeji wako ni mtu unayetembea naye tu. Hapo ndipo baba anapokohoa kidogo, anatazama pembeni, anasema, "Lakini Kocha, kuna kitu kimoja." Hicho kitu kimoja ndicho ulichokiendea. Pilau na chapati zote zilikuwa njia ya kukifikia.

Na hapa Minnesota kuna kikwazo ambacho Tabora hakipo. Wenyeji wa huku nao wana kuaga kwao kurefu. Wataaga wamekaa, wataaga wamesimama, wataaga wakivaa buti, watakumbuka habari ya shangazi yao wakiwa wameshika kitasa. Lakini mlango ukifunguka tu, baridi ikaingia, kuaga kumekwisha. "Baki ndani, baki ndani, utaganda." Ni wema, na unatoka moyoni. Wema huo huo nusura umkoseshe mtoto mmoja chuo.

Mtoto huyo ni Wanjiku, wote tulimwita Shiko. Wazazi wake ni Wakenya wa mji wa Savage. Mama Shiko ni nesi kwenye nyumba ya wazee. Baba Shiko alikuwa anafanya kazi kwenye bohari moja kule karibu na mto, mpaka mgongo ukamharibikia kwa kubeba mizigo. Shiko alikuwa anachezesha timu, yule anayeleta mpira na kuamua unakwenda wapi, na nilimpenda tangu siku nilipomwona ametolewa akaenda kukaa karibu na kocha kumweleza kitu kwa mikono miwili huku kocha anatikisa kichwa kukubali. Kiswahili alikuwa anakisikia chote, anajibu kwa Kiingereza, kama wote.

Bosi wangu, kocha mkuu, aliitwa Karin, mzaliwa wa hapa hapa, mrefu, mkweli, mkavu. Ilipofika siku ya kwenda nyumbani kwa Shiko mimi nilikuwa safarini kutazama mchezo mwingine, Karin akaenda peke yake. Alirudi amefurahi sana. "Wamekubali," akasema. "Sijawahi kulishwa namna ile."

Haikupita wiki akakutana na kocha wa chuo kingine kwenye mashindano, wote wawili wanatazama watoto, na yule mwingine akamwambia kwa kujigamba kwamba Shiko ni wake. Kwamba alikwenda Savage, akala, akaambiwa ndiyo. Karin aliingia ofisini kwangu amebadilika rangi.

"Watu wako ni waongo," akaniambia.

Watu wangu. Mimi Mnyamwezi wa Tabora na wao Wakikuyu wa Nyeri, lakini siku ile tulikuwa kabila moja. Akasema ufadhili wa Shiko anaufuta, hawezi kumsomesha mtoto wa familia yenye ndimi mbili, na kesho asubuhi nafasi anampa mwingine.

Nilikasirika mpaka Kiingereza kikaanza kunikimbia. Nikamuuliza, "Karin, ulipotoka pale nyumbani, nani alikusindikiza mpaka kwenye gari?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Baba alitaka kuja. Ana soksi na kandambili, maskini, anachechemea. Nilimwambia arudi ndani."

Nilishika kichwa. "Alikuwa anakuja kukupa jibu," nikamwambia, "na wewe ukamfungia mlango."

Ilinichukua muda kumweleza. Karin si mtu wa kuelewa haraka kitu asichopenda, lakini akishaelewa hajifanyi hajaelewa, na sifa hiyo nampa mpaka leo. Akakubali twende tena, sote wawili, Jumapili baada ya kanisa.

Mama Shiko alipika mukimo wa viazi na mahindi, na kuku, na kuku alikwenda kumnunua kwenye duka la Wasomali kwa sababu yangu mimi Mwislamu, bila kusema neno. Chai ilikuwa maziwa matupu. Nikamtania, "Mama Shiko, ninyi Wakenya chai yenu mnamkosea adabu aliyelima majani." Akacheka, akaniongeza. Karin akala. Alipouliza swali lake, mama akasema, "Tumeshukuru sana, Kocha. Shiko anawapenda. Tuko pamoja." Karin akanitupia jicho. Nami nikamtupia la kwangu: subiri.

Tukaaga. Baba Shiko akavaa koti juu ya fulana, miguuni kandambili zile zile na soksi, akashika chakula chetu kilichofungwa kwenye foili. Karin akafungua mdomo, nikamkanyaga buti. Akaufunga.

Tulitembea taratibu mpaka kwenye gari, theluji inalia chini ya miguu. Baba Shiko akaweka kile chakula juu ya boneti. Akakohoa. Akaanza kwa Kiingereza chake cha taratibu, ili Karin amsikie mwenyewe.

"Kocha, kuna kitu kimoja. Nilipoumia mgongo kule kazini, nilikuwa bado kitandani wakanitumia ujumbe kwa simu nisirudi. Hawakunipigia hata simu. Shiko akivunjika akichezea ninyi, na yeye mtamtumia ujumbe?"

Mwajua Karin alifanya nini? Sheria ya chuo chetu ilikuwa ufadhili unaandikwa upya kila mwaka, na kocha asipopendekeza, mtoto amekwisha. Sisi sote wa kazi hii tunaijua, na kwenye ile karatasi yetu ya rangi tunayowapa wazazi, yenye picha za maktaba na miti, haimo.

Akamwambia, "Kwa sheria naweza kumwacha. Kwa neno langu, sitamwacha. Atasoma mpaka amalize, hata asipogusa mpira tena."

Baba Shiko akakichukua kile chakula kwenye boneti. "Mara ya kwanza nilikuja nikuulize," akasema, "ukaniambia nirudi ndani." Akampa chakula chake, akampa mkono, akarudi anachechemea.

Kesho yake Mama Shiko akanipigia. "Zuhura, yule rafiki yako alisimama kwa baridi, mwambie mtoto ni wake. Huyo mwingine tumeshamwambia." Basi. Hiyo ndiyo ndiyo. Nyingine zote zilikuwa chai.

Ningependa niishie hapo, niwape somo tamu mkalale. Lakini kazi hii si tamu.

Msimu wake wa pili Shiko alitua vibaya mazoezini. Hakuguswa na mtu. Alishuka, goti likaenda upande wake na yeye upande mwingine. Kano ya goti ilikatika. Madaktari wakasema atatembea, atakimbia, ila wepesi ule tusiutarajie. Msimu ulipokwisha Karin akaniita ofisini, akafunga mlango, akaanza kupanga kalamu zake. Alipokuwa na neno baya alipanga kalamu.

Akasema potali ina msichana mzuri wa nafasi ile ile. Akasema chuo kinamsukuma ashinde. Akasema nafasi ni chache. Kisha akasema, "Ungezungumza wewe na familia. Wewe unajua lugha yao."

Nawaambia ninyi vijana, nimetukanwa na marefa, nimezomewa na wazazi, nimeitwa majina kwenye majimu ya vijijini huko kaskazini ambayo siwezi kuyaandika. Hakuna kilichoniuma kama hilo. Lugha yangu. Walinichukua kwa mdomo wangu, nikautumia kuwaleta watoto, na sasa mdomo huo huo utumike kuwatupa. Nikamwambia lugha yangu haikuajiriwa kufukuza watoto.

"Ulimpa neno baba yake," nikasema.

"Nje, Zuhura. Kwenye theluji. Haikuwa mkataba."

"Ahadi ni deni, Karin. Kwetu sisi la nje ndilo la kweli. Ukitaka kulivunja, nenda kalivunjie pale pale uliposimama. Utaendesha wewe na utasema wewe. Mimi nitakaa kando nikutazame."

Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa tayari. Lakini Karin si mwoga, alichukua funguo.

Tulipofika Savage tukakuta viatu vimejaa mlangoni. Wanawake wa kanisa lao walikuwa wamekuja kumjulia hali Shiko, ameketi kwenye kochi, mguu juu ya mto, magongo ukutani. Mama Shiko alipomwona Karin akaweka mkono kifuani. Hawakuwa wamemwita. Kocha mkuu mwenyewe katoka Saint Paul kuja kumwona mgonjwa. Akamkumbatia, akampa kiti kizuri, akatajiwa jina la kila mtu. Mmoja wa wale kina mama akaomba, akamtaja Karin kwenye maombi, akamwombea maisha marefu kwa moyo wake mwema. Karin alifumba macho kama wengine. Masikio yalikuwa mekundu.

Shiko akamwambia kwa Kiingereza, "Coach, nitafanya mazoezi ya goti kila siku. Niko sawa." Karin akaitikia kwa kichwa. Akala chapati. Neno lililomleta halikutoka, na mimi sikumsaidia.

Tukaaga. Baba Shiko akavaa koti na kandambili zake. Safari hii Karin hakuhitaji kukanyagwa. Alifika kwenye gari akasimama, akageuka, akamsubiri mzee kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Baba Shiko akaweka chakula juu ya boneti. Hakukohoa. Akasema, "Leo sina swali, Kocha. Nimekusindikiza tu." Akampa mkono, akaushika kwa mikono yote miwili, akarudi ndani.

Tuliingia kwenye gari. Karin akakaa na ule mfuko wa foili mapajani, bado wa moto, hawashi gari. Nikamwambia washa, tutaganda. Akaniuliza, "Alijua nimekuja kusema nini?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sijui, mpaka leo. Huyu ni mzee aliyewahi kuachishwa kazi kwa ujumbe wa simu. Labda mtu kama huyo humjua anayekuja kumwacha hata akiwa anatafuna chapati. Labda alikuwa anashukuru tu.

Shiko alisoma akamaliza. Uwanjani alirudi kidogo tu, mwaka wa mwisho alikaa zaidi benchi, kando ya kocha, akieleza kwa mikono miwili. Leo ni nesi kama mama yake. Msichana wa potali alikwenda chuo kingine, tukafungwa michezo mingi mwaka ule, na Karin hakunilaumu hata siku moja. Wala hakunishukuru.

Sasa turudi Oakdale. Shukrani ilipokwisha nikavaa koti langu. Elisante akanibebea kontena la pilau mpaka mlangoni, akanikabidhi. "Shangazi, tembea polepole, kuna barafu." Akabaki kwenye joto.

Nikaenda peke yangu. Nikaanza kukwangua barafu kwenye kioo cha gari, taratibu, taratibu kuliko ilivyohitajika. Nikasikia mlango wa ukumbi. Akaja bila koti, viatu vya sherehe vinateleza.

"Umekasirika, Shangazi."

"Nimekasirika. Umemfungia mtu mlango akija kukuuliza habari za mwanawe, kisha unajisifu. Mila zenu mmeziacha kwenye ndege?"

Akasimama pale, mikono mifukoni, anatazama pembeni. Akakohoa.

"Shangazi, kuna kitu kimoja," akasema. "Sikusahau. Nilijua anakuja kuniuliza nini. Kwetu chuoni mtoto akiumia ufadhili hatumrudishii. Mwaka jana tumemwacha mmoja bado anatembelea magongo, na mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Ndiyo maana nilimwambia mzee arudi ndani."

Niliacha kukwangua. Jioni nzima nilikuwa nimemkasirikia kwa kutojua mila. Kumbe anaijua vizuri kuliko Karin alivyowahi kuijua, na kwa sababu anaijua, ameitumia kuukimbia ukweli. Ile hasira niliyoanza nayo ilikuwa ndogo. Hii ninayoandikia sasa ndiyo yenyewe, na si yake peke yake. Ni ya wale waliomtuma kijana wetu na mdomo wetu kwenye nyumba zetu.

"Mpigie simu," nikamwambia. "Mwambie unarudi, mkaongee nje."

"Nitamwambia nini?"

"Hicho hicho ulichoniambia mimi."

"Nitamkosa yule mtoto, Shangazi. Na bosi akijua, na kazi nitaikosa."

"Inawezekana."

Upepo ulikuwa unapita kwenye shati lake, midomo imeanza kumtetemeka. Akatoa simu, akaishika, akaitazama. Mimi nilisimama naye pale pale kando ya gari, na sikumwambia arudi ndani.